Kilindi Hupimwa, Hakikisiwi

(Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya wavuvi na wakulima wa mpunga wa Kipini, Ozi na Kau, kwenye mwisho wa Mto Tana.)

Tunajua mmeweza kukaa nasi kwa sababu haya ni maji mafu. Kama ingekuwa bamvua tungezungumza na viti.

Leo tumeombwa tuseme juu ya vilindi vya mto, yaani yale mashimo ya maji marefu ambamo samaki hukaa maji yakipwa. Pengine kuna mzee hapa anayejiuliza: hawa watu wa ofisi, kazi yao ni semina na vitabu vya hesabu, wanajua nini habari ya vilindi? Ni swali la haki. Tulichonacho tumekipata kwenu, kwa kukaa ndani ya mitumbwi yenu, na kingine tumekipata kwa hasara. Tuanze na hiyo hasara, maana ndiyo iliyotufundisha.

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kikundi kimoja cha huku mtoni kupata mkopo wa nyavu. Kilikuwa kikundi kizuri, watu kumi na mmoja, wengi wao akina mama, wawili wajane. Walikuwa na daftari la akiba, walikuwa na katiba, mikutano yao ilianza kwa wakati. Sisi tuliangalia hayo yote tukaridhika. Tuliuliza kila kitu isipokuwa kimoja: nyavu hizi zitatandwa wapi? Mtu mmoja alisema anajua kilindi, mahali maji ni meusi na yametulia, kwenye kizingo. Basi tukaenda na neno lake. Nyavu tatu mpya zikashushwa usiku wa kwanza. Asubuhi zikavutwa, hazikuja. Chini kulikuwa na miti iliyozama, magogo ya mafuriko ya zamani, yamejipanga kama meno. Nyavu mbili zikabaki vipande. Ya tatu ilitoka na matundu ya kupita mbuzi.

Mkopo ukabaki palepale. Kikundi kililipa kwa kuuza makuti na samaki wa kukaanga, miezi mingi, na mjane mmoja aliuza mbuzi wake wawili. Hakutulaumu. Alitukaribisha kwake tukanywa uji. Lakini sisi tulijua kwamba kamba ya shilingi chache na jiwe moja vingemwokolea mbuzi wake.

Kwa hiyo tukienda kwenye kikundi cha uvuvi siku hizi, kabla ya kufungua daftari la akiba, tunauliza: mmepima?

Sasa tuutazame mto wenyewe. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote Kenya, unatoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, na hapa kwenu ndipo unapokutana na bahari. Wazee wanajua kwamba zamani Tana haikuwa ikimwagikia Kipini. Huu ulikuwa mto Ozi, mto mdogo wa maji ya kujaa na kupwa. Katika karne ya 19 ukachimbwa mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ya biashara ipite kutoka Tana hadi Ozi, na maji yalipoonja njia fupi yakaikubali, yakapanua mfereji mpaka Tana nzima ikahamia huku. Tunasema hivi ili mkumbuke mto huu haujazoea kukaa mahali pamoja. Mtu aliyechimba mtaro wa ngalawa alipata mto mzima. Na vilindi ni watoto wa mto huohuo, navyo vinahama.

Vinatokeaje? Maji yakifika kwenye kizingo hayapindi kwa hiari. Yanagonga ukingo wa nje, yanashuka chini na kuuchimba, halafu udongo ule yanaenda kuumwaga upande wa ndani wa kizingo kinachofuata. Ndiyo maana upande mmoja wa kizingo una ukingo uliosimama kama ukuta, mizizi inaning'inia, na upande wa pili kuna fungu la mchanga ambapo ndege wanatembea. Kilindi kiko chini ya ukuta. Mara nyingi mahali pa kina kabisa hapako katikati ya kizingo bali kidogo kuteremkia chini, pale maji yanapomalizia kupinda. Wengi hupima mapema mno, wakakosa, wakasema hakuna.

Kilindi cha pili ni pale kijito cha mikoko kinapoingia mtoni. Maji ya bamvua yanapotoka mikokoni yanatoka kwa haraka, kwa mlango mdogo, nayo yanachimba mbele ya mlango. Shimo hilo huwa si kubwa. Mara nyingine halizidi urefu wa mitumbwi miwili. Lakini ndilo tunalolipenda sisi, na tutaeleza kwa nini.

Kuna mengine: pale mto unapobanwa kati ya kingo mbili ngumu, nyuma ya mti mkubwa ulioanguka, na mahali mikono miwili ya mto inapokutana tena baada ya kuzunguka kisiwa. Haya mnayajua.

Sasa tusikilizane hapa. Kilindi si kina peke yake. Kuna mtu alituonyesha kwa fahari sehemu yenye mita tano. Tukapima juu, tukapima chini, tukapima upande wa pili: mita nne na nusu, mita nne, tano kasoro. Huo ni mto wenye kina tu, samaki anaweza kuwa popote. Halafu kijana mmoja akatupeleka kwenye shimo la mita tatu, na pande zote kuna fungu ambalo maji yakipwa yanafika magotini. Shimo la mita tatu katikati ya maji ya magotini ni kama nyumba moja yenye paa kijijini siku ya mvua. Kila mtu anakimbilia humo. Tafuteni tofauti, msitafute namba kubwa.

Na hiyo tofauti haionekani wakati wowote mtakao. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini kuliko jana. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na baada ya mwezi mpevu, ndiyo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo huku kwetu baharini maji huwa yamejaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na yamekauka karibu saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kumbe bamvua inatupa kupwa kukubwa wakati wa mchana mweupe! Ndiyo saa ya kutafuta vilindi. Mafungu yote yametoka nje, mto umevua nguo, na palipobaki na maji mengi panaonekana.

Lakini jihadharini: saa ya Kipini si saa ya Ozi, na saa ya Ozi si ya Kau. Bahari inaingia kwanza mlangoni, halafu inapanda polepole. Kadiri unavyokwenda juu ndivyo maji yanavyochelewa, na kupwa kunachukua saa nyingi kuliko kujaa, kwa sababu maji ya mto yenyewe yanasukuma kushuka. Tena kuna jambo linalowachanganya wageni, hata sisi lilituchanganya: kina kinaweza kuanza kupanda na huku mkondo bado unashuka baharini. Ukitazama jani linaloelea utasema maji yanapwa. Ukitazama alama ya ukingoni utaona yanajaa. Vyote viwili ni kweli.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji mtumbwi. Chukueni mti ulionyooka, mwembamba, boriti ya mkoko iliyokauka inafaa. Ipakeni alama za rangi kila sentimita kumi, halafu ichomekeni kwenye matope mahali ambapo hata maji yakikauka kabisa mguu wake hautoki nje. Wekeni mtoto wa shule mwenye saa aisome kila nusu saa tangu maji yamejaa mpaka yamepwa, siku moja ya bamvua na siku moja ya maji mafu. Watoto wanaifanya kazi hii vizuri kuliko sisi, kwa sababu hawaoni aibu kuandika namba waliyoiona. Mtu mzima huandika ile aliyoitarajia.

Kazi ya pili ni kamba. Mnunue kamba ya nailoni isiyovutika sana, mita kumi na tano zinatosha. Iloweni kwanza, ikauke, iloweni tena, halafu ndipo mpige mafundo, maana kamba mpya hubadilika urefu. Fundo kila nusu mita, na kitambaa chekundu kila mita. Wazee wanapima kwa pima, mikono iliyonyooshwa, na sisi hatuna ugomvi na pima, ila pima ya mzee huyu siyo pima ya kijana yule, na daftari ni la kikundi. Mwishoni fungeni chubwi kubwa la risasi au jiwe la kilo moja hivi, lililochongwa kidogo kiuno lisichomoke.

Halafu lipakeni hilo jiwe sabuni ya kipande iliyolainishwa, au mafuta mazito ya ng'ombe, upande wa chini. Likigonga chini litaleta habari. Likija na mchanga, hapo pana mkondo mkali. Likija na matope meusi yanayonuka, maji ya chini yametulia mno na samaki wengi hawatakaa muda mrefu. Likija na vipande vya gome au likija safi huku limekwaruzwa, basi kuna mti au kitu kigumu. Kama sisi tungepaka sabuni ya shilingi chache siku ile, yale magogo tungeyajua.

Mabaharia wa zamani walifanya hivyo hivyo, walipaka mafuta kwenye risasi ya kupimia. Si ujuzi mpya. Umesahauliwa tu.

Mtumbwi uende na watu watatu: mmoja wa upondo au kafi, mmoja wa kamba, mmoja wa kuandika. Msipime huku mnateleza na mkondo, kamba italala na itawadanganya kwamba kuna kina zaidi. Mtumbwi usimamishwe, kamba ishuke wima, muinue jiwe kidogo na kuligusisha tena chini, halafu ndipo msome. Mkate mto kutoka ukingo mpaka ukingo, mpime kila baada ya mapigo kumi ya kafi, kisha msogee chini mtumbwi mmoja au miwili, mkate tena. Inachosha. Vijana siku ya kwanza wanacheka, ya pili wananung'unika, siku ya tatu jiwe linashuka mahali ambapo hakuna aliyetegemea, kamba inaendelea kwenda, inaendelea, na hapo ndipo mnasikia kelele mtoni.

Sasa hesabu. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo tutaenda pole pole. Kina unachokisoma kwenye kamba ni cha saa ile tu. Tuseme kamba imesema mita 5.2, na saa hiyohiyo mti wenye alama unasoma mita 2.1. Katika daftari la mtoto wetu, bamvua ikipwa kabisa mti ule husoma 0.3. Toa 0.3 katika 2.1, unapata 1.8. Hayo ndiyo maji yatakayoondoka. Basi 5.2 toa 1.8, kilindi chako wakati wa kupwa ni mita 3.4. Andika 3.4, siyo 5.2. Mwenzako akipima siku nyingine, saa nyingine, akatoa vilevile, mtaweza kulinganisha. Msipotoa, kila mtu atakuwa na mto wake. Na mti wa Kipini usitumike kutolea vipimo vya Kau. Kila mahali pawe na mti wake.

Mahali nako kuandikwe. Wapo siku hizi wenye simu inayoonyesha mahali mtu alipo, sawa, iandikeni hiyo namba. Lakini simu huisha moto na huanguka majini. Njia ya wavuvi wa bahari ni bora: tafuta vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mnazi mrefu mbele ya kona ya paa la mabati, kwa mfano. Halafu geuka upande mwingine utafute vingine viwili. Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo ulipo. Msichague mkoko mchanga, utakatwa. Wala msichague mtumbwi wa mtu uliofungwa; tumeona ikifanyika.

Kuna kipimo kingine kimoja, na hiki ni cha akina mama wenye mashamba ya mpunga kuliko cha wavuvi. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi. Bahari ikiingia mtoni haichanganyiki mara moja, inatambaa chini kama nyoka, na maji ya mto yanapita juu yake. Kwa hiyo unaweza kuchota kwa kata juu ya kilindi ukanywa, ukasema mto ni mtamu, na huku chini kabisa ni bahari. Chukueni chupa ya glasi, ifungeni pamoja na jiwe, ipigeni kizibo kisichokaza sana chenye uzi wake. Ishusheni mpaka chini, ngoja kidogo, vuta uzi, kizibo kitoke, chupa ijae, ipandisheni, onjeni. Kwa mvuvi habari hiyo inasema ni samaki gani aliye chini. Kambare hapendi chumvi. Hongwe, chewa na chaa wanaifuata. Lakini kwa mkulima wa Ozi inasema jambo kubwa zaidi. Mpunga wenu unanyweshwa na bahari bila bahari kuugusa: maji yakijaa huyasukuma maji baridi ya mto mpaka mashambani. Mto ukipungua nguvu, chumvi inapanda, na shamba linakufa. Chumvi ikijikusanya vilindini kila kiangazi hatua moja juu zaidi, wavuvi watakuwa wa kwanza kuionja. Basi wavuvi wawaambie wakulima. Kwa nini vikundi viwili vya kijiji kimoja visiandike katika daftari moja?

Tulisema tutarudi kwenye shimo la mlango wa kijito. Maji yakijaa, samaki wadogo, uduvi na wana wa kaa huingia kati ya mizizi ya mikoko kula na kujificha. Maji yakipwa wanalazimika kutoka, na mlango ni mmoja. Samaki wakubwa wanalijua hilo kuliko sisi. Wanakaa ndani ya shimo, vichwa vimeelekea mkondo, wanangoja sahani iletwe. Kwa mshipi, saa mbili za mwisho za kupwa na ile ya kwanza ya kujaa ndizo saa zake. Teremsha chambo juu ya shimo, mkondo ukipeleke kwenye mdomo wake, usikitupe katikati. Na mwenye nyavu atande kwenye ukingo wa shimo, juu ya mteremko, siyo chini kabisa penye magogo. Mikoko ikikatwa kandokando ya kijito, mlango hupanuka, maji hutoka bila nguvu, matope hujaza shimo. Ndiyo sababu tunaudhika tukiona boriti zimerundikwa pale mlangoni. Mtu ameuza boriti kumi, amezika kilindi cha watu hamsini.

Tuseme na hatari, kwa ufupi kwa sababu mnazijua kwa machozi yenu. Kilindi ni nyumba ya mamba pia, na viboko hushinda humo mchana. Mapovu yanayotembea si dalili ya samaki. Hakuna kupima kwa kuingia majini na miguu, hata kama maji ni ya magoti, hata kama mzee wako alikuwa akifanya hivyo. Hakuna kwenda peke yako. Na kupima ni kazi ya mchana.

Sasa tunafika kwenye jambo gumu, na hapa hatuna jibu lililokamilika. Kilindi kikishajulikana, ni cha nani?

Kuna mzee mmoja, hatutamtaja, alikuwa na kilindi chake kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakumwonyesha hata mwanawe. Sisi tulimwona mchoyo, tukamwambia maneno ya semina: ushirikiano, umoja, maendeleo ya wote. Akakubali, akatuonyesha, kikundi kikaandika. Haukupita mwezi wa pili, watu wa upande mwingine walikuja usiku na juya, wakazungusha kilindi chote maji yakiwa yamepwa, wakavuta mpaka vidole vya mwisho. Mzee alikuja ofisini kwetu asubuhi yake. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akasema, "Nyinyi mliniambia ni choyo."

Tangu siku ile tumeelewa kwamba ile siri ilikuwa ndiyo sheria ya kilindi kile. Ukiondoa siri lazima uweke sheria nyingine mahali pake siku hiyohiyo, siyo kesho. Zamani gasa ya Wapokomo ilisimamia mambo mengi ya mto na mashamba yake. Leo kuna kamati za ufuo, zile tunazoziita BMU, zilizowekwa kwa kanuni za mwaka 2007, na zina uwezo wa kuweka sheria ndogo za mahali pake. Juya lilipigwa marufuku mwaka 2001, na sumu hairuhusiwi. Lakini karatasi haikai mtoni usiku. Wanakaa watu.

Kwa hiyo tunawaomba mjadili haya kabla ya kushusha jiwe. Daftari likae kwa nani, na nani aruhusiwe kulisoma? Wenzetu wengine ofisini wanasema liwe wazi kwa kila mwanakijiji. Sisi wengine, baada ya yule mzee, tunasema liwe la kikundi, lifungwe kwenye sanduku pamoja na pesa. Katika kilindi, mshipi peke yake au na nyavu pia? Na bamvua ikipwa kabisa, wakati samaki hawana pa kukimbilia, je, nyavu zipumzike saa hizo mbili? Kikundi kimoja tunachokijua kimekubali hilo la mwisho. Kuna mwanachama aliyelivunja mara moja, akatozwa faini ya kuku, na kuku akaliwa na wote, yeye pia. Halijavunjwa tena.

Na msifikiri mkipima mara moja mmemaliza. Mabwawa ya juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981, mpaka Kiambere mwaka 1988, yamezuia sehemu ya mafuriko na sehemu ya udongo uliokuwa ukishuka. Mto siku hizi hauji na tabia aliyoijua babu. Halafu mvua ikizidi, mabwawa hujaa na maji yanakuja kwa wingi, kama El Nino ya 1997 na 1998, na kama mwisho wa 2023 na tena Aprili na Mei 2024. Baada ya maji hayo ya 2024 tulikwenda na kikundi kimoja kwenye kilindi chao walichokipima mita nne. Jiwe liligonga mchanga kwenye fundo la tatu, yaani mita moja na nusu. Mwenyekiti alipima mara tano, akamlaumu mpiga makafi, akailaumu kamba. Kilindi kilikuwa kimehama, kiko chini ya kizingo cha pili, tulikipata wiki mbili baadaye. Pimeni upya baada ya kila mafuriko, na hata kama hakuna mafuriko, mara moja kwa mwaka.

Mama mmoja hapa mbele ameinua mkono tangu zamani, samahani mama. Anauliza kama wanawake wataruhusiwa kuingia kwenye mtumbwi wa kupimia, maana huku watu husema mwanamke akipanda chombo samaki hukimbia. Tumecheka, lakini tujibu. Kamba haina mume. Tena katika vikundi vyote tulivyopima navyo, daftari safi kuliko yote liliandikwa na mama muuza samaki, kwa sababu yeye amezoea kuandika madeni ya watu na hataki kudanganywa. Mpeni kalamu mama huyu, na anayeogopa samaki watakimbia abaki gatini asome mti.

Mwezi ukiandama, hesabuni siku mbili. Sisi tutaleta kamba na rangi, nyinyi tafuteni boriti, jiwe na mtumbwi usiovuja. Maji yatakuwa yamepwa Kipini karibu saa tano, na huku Ozi yatachelewa, kwa hiyo tukutane gatini saa nne, tuwe na nafasi ya kuchomeka mti kabla mkondo haujageuka. Na sabuni tafadhali asiisahau mtu.